Chai ya Jumapili

Hakuna kitu kilichoingia nyumbani mwake bila kuulizwa kilikotoka. Kiwe yai, kiwe penseli mkononi mwa binti yake, mama alikishika, akakigeuza, akauliza, "Kimetoka wapi?" Ndiyo iliyokuwa kazi yake dirishani benki, na ulimi ulishazoea.

Mdogo wake wa kiume, mwenye duka la mabati, alimpachika jina la Bi Katokawapi. "Dada, leo usihangaike," alisema kila Jumapili akija kunywa chai. "Mimi nimetoka tumboni mwa mama yako. Andika!" Binti alicheka mpaka akapaliwa.

Kisha mjomba akaanza kuweka benki pesa ambazo duka lile lisingeweza kuzizaa. Mama alimuuliza kama alivyomuuliza kila mteja. "Nimeuza mabati," alijibu, macho yakiwa pembeni. Lakini mabati yaleyale yalikuwa nje ya duka, yakiliwa na kutu. Mama akapeleka taarifa kwa wakubwa, kama sheria inavyotaka. Na sheria hiyohiyo ikamfunga mdomo: aliyeripotiwa haambiwi, hata awe nani.

Jumapili iliyofuata mjomba alikuja. Binti, ambaye hakujua lolote, alimwona mama akifuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Leo umekuwa bubu, dada?"

"Kichwa tu. Ongeza sukari."

Polisi walimkamata dukani kabla Jumapili nyingine haijafika. Pesa zilikuwa za tajiri mmoja aliyeuza dawa zilizoibwa hospitali. Mjomba alimpitishia pesa hizo kwenye akaunti yake, akapewa chochote kidogo. Tajiri alitokomea, mjomba akafungwa.

Binti alimsindikiza mama gerezani, mara moja tu.

"Kuripoti ni kazi yako, sikulaumu," mjomba alisema nyuma ya wavu. "Lakini ulinikalisha mezani ukanimiminia chai, kimya! Hata kunikonyeza?"

"Ungekimbia."

"Ndiyo, ningekimbia. Ungekuwa bado una ndugu."

Akageuka, akamwambia askari amrudishe ndani. Hata alipomaliza kifungo hakukanyaga kwa dada yake. Jumapili za nyumba ile zikawa siku kama siku nyingine, na mama akaacha kabisa chai. Kazini walimpa cheti. Alikiweka kabatini, chini ya mashuka.

Alipolazwa mara ya mwisho, mwili umebaki mifupa na baridi haimwachi, binti aliingia wodini na blanketi jipya. Mama alipapasa upindo wake.

"Limetoka wapi?"

Binti alikuwa ameonywa asiseme. Lakini huyu angemdanganyaje?

"Kwa mjomba. Yuko nje getini. Nimembembeleza aingie, amekataa."

Mama alilivuta blanketi mpaka kidevuni, akafumba macho. Binti alidhani amesinzia.

"Mwambie," alisema, "ile chai hata mimi haikunipita kooni."