Mashine Iliyomfuata Baba Nyumbani

Mngurumo wa kiwanda cha majani chai ndio uliotulea. Tulizaliwa katika nyumba za wafanyakazi, jirani kabisa na mashine za kusaga majani, tukalala na kuamka na mngurumo huo, na harufu ya majani yanayochachuka ikaingia mpaka kwenye blanketi. Baba alizihudumia mashine hizo tangu ujana wake. Humo ndani watu hawasikiani kwa kelele, kwa hivyo wanaume walizungumza kwa mikono, na Baba akaileta lugha hiyo mezani petu. Kiganja kikishushwa polepole, maana yake ilikuwa moja tu: zima mashine. Akikishusha nyumbani, tulijua tuzime redio.

Alipostaafu tuliiacha nyumba ya kampuni, tukahamia Chepilat, karibu na kwao Mama. Huko kulikuwa na ng'ombe, upepo, na mvua ya alasiri kwenye mabati, basi. Baba alikaa kitini akitazama ukuta, na kiganja kikaanza kushuka. Tulizima redio. Kikashuka tena. Mama, mwimbaji wa kanisani, akaacha kuimba akipukuchua mahindi. Kikashuka tena. Tukawa tunanong'ona, tukamuuza jogoo, tukatembea bila viatu. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakumjua baba yangu, lakini ni kama walimsema yeye: kadiri tulivyonyamaza ndivyo alivyozidi kukonda na kukodoa macho. Nilianza kuogopa kwamba anataka sisi wenyewe tuzimike. Nikitoka shule nilikawia njiani makusudi, kwa sababu niliiogopa nyumba yetu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku moja alikuja Mzee Ouma, Mjaluo aliyefanya kazi na Baba miaka yote, naye pia amestaafu. Alisimama mlangoni akatutazama, kisha akamgeukia Mama.

"Mama Kemunto, kwani kuna matanga hapa?"

Mama akamnong'onezea habari za kile kiganja.

"Ongea kwa sauti, mama, sisikii."

Mama akarudia kwa sauti. Mzee Ouma akatikisa kichwa.

"Si nyinyi anaambia. Hiyo mashine iko ndani ya masikio yake. Hata mimi niko nayo. Mkinyamaza ndio inanguruma zaidi. Washeni redio. Imba, mama."

Mama aliimba huku analia. Baba hakupona, lakini jioni ile alisinzia kitini, mikono imetulia mapajani.

Leo ninaishi mjini, katika nyumba ambayo wageni huisifu kwa utulivu wake, na utulivu huo bado unanitia hofu. Baba tulimzika mwaka jana. Kijana aliyeongoza ibada, mpole na mwenye adabu, alituomba tusimame tunyamaze kidogo kwa heshima ya marehemu. Watu wakainamisha vichwa. Ndipo Mama, akiegemea mkongojo wake, akaanza kuimba peke yake, sauti kavu imejaa mikwaruzo. Kijana alipiga hatua kwenda kumtuliza. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mwache. Anamsaidia mumewe."