Siku Nilipochomeka Waya wa Pili

Acheni nijicheke mwenyewe kwanza, maana nikiwaachia ninyi mtanimaliza: mbele ya baba wa mchumba wangu, nikiwa nimevaa suruali ya kuazima, nilishindwa na waya mmoja wa buluu, na aliyeniokoa alikuwa mwizi.

Ilikuwa Likasi, kule Kongo, miaka ile ya tisini viwanda vinasinzia na mshahara unakuja siku unapojisikia, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na cha akiba, ndoo ya maji kwa ajili ya bomba, taa ya mafuta kwa ajili ya umeme, na kazi ya pili kwa ajili ya ile ya kwanza (ya pili ndiyo iliyolisha watoto). Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ya malori. Kompyuta zenyewe zilikuwa nne, mbili ofisini na mbili gereji, kila upande na switch yake, yaani kile kisanduku chenye vitaa ambamo nyaya zote zinakutana, na waya mmoja ukipita nje ukutani kuunganisha visanduku viwili. Mkuu wa gereji alikuwa Papa Ferdinand, baba wa Georgette, na nilipopeleka posa alijibu neno moja tu: "Nitaona kwanza kazi yake."

Basi nikaamua aione. Wezi wa shaba walikuwa wanakata hata waya wa kengele, kwa hiyo nikavuta waya wa pili, wa buluu, kwa njia nyingine, nyuma ya choo, ili mmoja ukikatwa mwenzake abaki. Kitabu changu cha Kifaransa kilikuwa na maneno matamu: redondance, waya mmoja unafanya kazi na mwingine unangoja zamu, agrégation, nyaya mbili zinabeba pamoja na kuhesabika kama mmoja. Ukurasa uliofuata ulieleza kwamba lazima uviambie visanduku vyote viwili umechagua lipi. Huo niliuruka, nilikuwa na haraka ya kuoa.

Siku ya siku nikaita wote, madereva, fundi wa matairi, Mama Béa wa sekretarieti, hadi sentineli wa getini ("kuya na weye, utaona"), nikahutubia kwa Kifaransa kirefu, kisha nikachomeka. Vitaa vikaanza kuwaka na kuzima kwa kasi ya ajabu, watu wakapiga makofi, nami nikainama kidogo kushukuru. Halafu kompyuta zote nne zikaganda. Ujumbe ulikuwa unatoka kwa waya huu na kurudi kwa ule, unazunguka tu bila kufika (hayo niliyajua baadaye, pale nilijua jasho peke yake). Nikazima, nikawasha, nikapuliza matundu, nikalaumu umeme, nikamwomba Mama Béa aondoe redio yake. Papa Ferdinand akachukua kofia.

"Papa, nimeshindwa," nikasema, na moyo wangu ulikuwa umeshaagana na Georgette.

Hapo hapo kompyuta zikaamka zote. Nikarusha mikono juu nikitaja redondance, ila Mama Béa alikuwa dirishani.

"Muone kule," akasema. "Ule muntu iko napanda ukuta na waya yetu."

Kweli, sentineli si alikuwa ndani na sisi? Jamaa alikuwa ameukata waya wangu mpya kwa raha zake na kuubeba begani.

Papa Ferdinand akafikiri kidogo. "Ngoja. Waya ikiwa mbili, machine inakufa. Mwizi anakata moja, machine inafufuka. Alors ule mwizi njo technicien, njo fundi wa kweli. Sasa mutoto nimupatie nani, weye ao yeye?"

"Papa, miye nilichomeka, yeye alichomoa."

Alicheka mpaka akakalia tairi. "Bon," akasema akijifuta macho, "lete bazazi bako, baba na mama, tuongee mahari."

Harusini meza kuu ilikuwa na kiti kimoja kitupu na chupa ya bia mbele yake, na Papa Ferdinand alikataza mtu yeyote kukikalia. "Ni ya technicien mukubwa," alisema. Tangu hapo sichomeki waya wa pili kabla ya kusoma ukurasa unaofuata, na sentineli simwiti ndani hata kukiwa na sherehe. Ila usiku ule nilikitazama kile kiti mara nyingi kuliko nilivyomwambia Georgette, maana angetokea kweli ningemkumbatia.