Mti wa Jikoni Haukuchanua

Harufu ya maua ya kahawa haipigi hodi. Asubuhi ya leo nilikuwa uani kwa mama yangu, huku Ilemela, naanika nguo, ikanikuta nimebana vibanio mdomoni: tamu, nzito kidogo, karibu na asumini lakini si asumini. Mvua ilinyesha wiki iliyopita, na miti minne ya kahawa nyuma ya nyumba imejaa maua meupe kutoka shina hadi ncha. Nikacheka peke yangu. Ukinivumilia, msomaji wangu, nitakueleza kwa nini harufu hii mpaka leo inanifanya nishushe pumzi.

Miti hiyo aliileta Bibi, mama yake baba. Babu alipofariki kule Muleba, baba alimfuata Bibi aje aishi nasi, naye akakubali kwa sharti moja, kwamba aje na miche kutoka shambani kwake. Ikasafiri melini imefungwa kwa majani ya mgomba kama watoto wachanga, na nguo zake zote zikaenea kwenye begi moja la bluu. Uhayani mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Anapewa kikapu kidogo chenye kahawa iliyochumwa mbichi, ikachemshwa na majani ya kunukia, ikaanikwa juani mpaka ikakauka. Anatafuna punje mbili tatu huku mazungumzo yanaendelea. Bibi hakuelewa kabisa watu wanaishije bila kitu hicho.

Mama yangu ni Msukuma wa Magu, na kahawa ya kutafuna ilimshinda siku ya kwanza. Aliionja, akakunja uso, akaitema kiganjani, na Bibi akamwona. Tangu hapo wakawa wanaheshimiana kwa mbali, shikamoo na marahaba, chakula tayari, asante. Kisha mama akamwambia jirani kwamba pale penye kahawa pangetosha banda zuri la kuku. Aliyasema jikoni, na ukuta wa jikoni kwetu ulikuwa mwembamba.

Mimi nilikuwa katikati, na nilikuwa nimeshachagua upande. Nililala na Bibi kitanda kimoja. Alinipasha miguu moto kwa miguu yake, akaniita majina ya Kihaya ambayo mpaka leo siwezi kuyatafsiri bila kuyaharibu.

Kisha vuli ikakataa kunyesha. Ziwa tuliliona vizuri kutoka uani kwetu, limetanda chini ya miamba, lakini bomba lilitoa hewa tu na maji tukayanunua kwa madumu kutoka kwa watu wa baiskeli. Ilikuwa kama kukaa na njaa mbele ya duka. Miti ya Bibi ikaanza kuugua. Mchana majani yalilegea na kujikunja, jioni yakajinyoosha tena, na nikadhani imepona. Baadaye jioni nazo hazikusaidia. Majani ya ndani, yale ya zamani, yakawa ya njano na kudondoka, na matawi yakabaki na mafundo madogo ya kijani yaliyofumba kabisa.

Halafu siku moja nikaona tunda jekundu, na jingine, na matawi mazima. Nikakimbia ndani nikipiga kelele, "Bibi, kahawa imeiva! Imeiva mapema!"

Bibi alitoka, akachuma kiganja kimoja, akayatia kwenye kopo la maji. Yote yakaelea. Akapasua moja kwa ukucha, na ndani mlikuwa na mbegu nyembamba, imesinyaa.

"Hii haijaiva, Koku," alisema. "Imeogopa. Mti ukiona hali mbaya unaharakisha watoto wake, mradi watoke tu." Akanawa mikono polepole kando ya ukuta wa jikoni. "Kiu kidogo kahawa inaitaka. Hii imezidi. Siku mti wa mwisho ukikauka, mimi narudi zangu Muleba. Nitakaa hapa namngoja nani?"

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya ndizi. Jioni hiyo alilitoa begi la bluu chini ya kitanda, akalipangusa vumbi na kuliweka kando ya mlango.

Tangu siku ile nilikuwa naihesabu miti kabla ya kunawa uso. Mitatu ya mbali na nyumba ilizidi kubaki mifupa. Ule wa nne tu, uliosimama karibu na mlango wa jikoni, ulikaa na majani yake ya kijani. Bibi alisema una bahati, mizizi yake lazima imepita chini ya mwamba. Mimi niliushika shina na kuuomba usife. Nyuma yangu mama alitoka na beseni, akamwaga maji ya kusuuzia vyombo, akarudi ndani. Alifanya hivyo kila jioni, na mama kumwaga maji ya vyombo si habari.

Mvua ilikuja mchana mmoja, kwa kishindo, tukakinga hadi vikombe. Baada ya kama wiki moja niliamshwa na harufu. Nikatoka mbio bila viatu, na ile mitatu niliyoiona maiti ilikuwa myeupe yote! Yale mafundo yaliyofumba yalikuwa maua, na muda wote yalikuwa hai, yanangoja. Niliruka, nikalia, nikamwita Bibi.

Bibi alitazama mitatu, akatabasamu. Kisha akautazama mti wa jikoni. Ulikuwa kijani kitupu, na viua vichache vimetawanyika hapa na pale. Akainama, akafukua udongo kwenye shina kwa kidole. Akaokota magamba ya sato na vipande vya ugali mkavu, akavigeuzageuza kiganjani.

"Mama Koku!" aliita. "Njoo."

Mama alikuja anafuta mikono kwenye kanga.

"Huu haukusikia kiu, ndiyo maana haukuchanua. Umenyweshwa."

Mama aliangalia chini. "Maji yenyewe yalikuwa ya kumwaga tu, Mama."

Bibi aliingia ndani, akatoka na kikapu chake kidogo, akampa mama kahawa kwa mikono miwili. Mama akachukua punje mbili, akakunja uso vilevile, lakini safari hii akatafuna mpaka mwisho. Mimi nilimcheka uso wake hadi nikakaa chini. Jioni begi la bluu likawa la kuwekea vitunguu, na mimi nikalala usingizi ambao sijawahi kuupata tena.

Nilikuwa mtu mzima nilipolielewa jambo lile. Maji hayakutosha miti minne, yalitosha mmoja, na Bibi alikuwa amesema mti wa mwisho. Ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba pande zote mbili.

Bibi hakurudi Muleba. Tulimzika hapahapa Ilemela, mzee sana, na mama ndiye aliyemfumba macho. Leo, wakati naanika nguo, mama amekaa kwenye kigoda chini ya yale maua na kile kikapu mapajani. Amekunja uso vilevile, na anatafuna.