Mvumo wa Kumshusha Kukhu

Ilianza siku ya Jumapili, saa nane na nusu mchana. Saa naikumbuka kwa sababu ingokho, kuku wa wageni, ilikuwa bado mekoni, na Mama alikuwa akitazama simu yake na kuguna, akihofia wageni wataondoka na njaa. Siku hizi niko kidato cha tatu. Bweni letu liko karibu na barabara, na kila lori la miwa linapopita kuelekea Mumias, kioo cha dirisha juu ya kitanda changu hulia zzzzz, mlio mwembamba kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Wenzangu hawausikii tena. Mimi nikiusikia, mkono wangu wa kushoto hujikunja wenyewe kana kwamba umeshika kijiti, na ninarudi Jumapili ile.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka hospitali, na watu wazima walikuwa na mazungumzo ambayo yalikatika kila nilipoingia. Mimi na yeye tulikuwa na jambo letu. Nilipewa jina la marehemu mama yake, Muhonja, kwa hiyo hakuwahi kuniita mjukuu. Aliniita mama. "Mama, niletee maji." "Mama, umeoga lini wewe?"

Kanisa letu ni la mavazi meupe na ngoma, na kwa miaka mingi Kukhu ndiye aliyebeba bendera mbele ya bendi. Jumapili ile bendi nzima ilikuja kumwombea. Walipomaliza, mzee wa kanisa akamwuliza kwa sauti ya upole kama kuna wimbo angependa, siku ile ikifika.

"Nyimbo mtachagua wenyewe," Kukhu akasema. "Lakini ngoma ya kunishusha ipigwe na Muhonja."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nyuma ya mlango, mahali pangu pa kawaida wageni wakija.

"Huyu?" akasema Metrine. Metrine ni binamu yangu, wakati huo msichana wa miaka kumi na tisa, mkubwa wa wapiga ngoma wote kanisani, na mdomo wake haukuwa na mlango. "Kukhu, huyu hata salamu tunamtoanga kwa koleo!"

"Basi atasalimia kwa vijiti. Na mimi siendi popote mpaka aweze."

Watu walicheka, hata mzee wa kanisa. Mimi sikucheka. Nilikuwa mtoto wa kuamini neno kama lilivyosemwa.

Nieleze kidogo. Kwetu, jeneza likianza kuteremshwa kaburini, bendi yote hunyamaza, ibaki ngoma moja tu, ile ndogo yenye nyaya zilizonyooshwa chini ya tumbo lake. Inapiga mvumo mmoja mrefu tangu kamba zinapoanza kulegezwa mpaka jeneza litulie chini. Mvumo haupaswi kukatika. Ukikatika watu huguna, wakasema marehemu amejikwaa njiani. Ndiyo kazi niliyopewa, mimi niliyekuwa nikisahau jina langu mwalimu akiniita mbele ya darasa.

Metrine alianza kunifundisha kesho yake nikitoka shule. Hakunipa ngoma. Alinipa kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari juu ya kigoda, na mpaka leo nikipita mahali wanapoziba pancha na kunusa ule mpira wenye joto, viganja vinaniwasha. Kijiti cha kulia unakishika kama nyundo. Cha kushoto unakilaza kwenye pengo la kidole gumba, kiganja kikitazama juu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Halafu mama-baba: kulia mara mbili, ma-ma, kushoto mara mbili, ba-ba. Polepole kila mtu anaweza. Kazi ni kuiharakisha mpaka sikio lishindwe kutenganisha pigo na pigo, na pale ndipo pigo la pili huanza kuzembea, hasa la kushoto.

"Ma-ma, ba... Baba ameenda wapi?" Metrine alikuwa akiniuliza. "Mkono huo unafukuza nzi ama unapiga ngoma? Tena!"

Nilipozoea tairi akanihamishia kwenye gunia la mahindi, kwa sababu gunia halirudishi kijiti. Kila pigo unalinyanyua mwenyewe kwa kifundo cha mkono, vumbi la mahindi likikuingia puani. Akaniwekea na paradidili, ku-sho-ku-ku, sho-ku-sho-sho, niliyoitamka nikichota maji mpaka watoto wa jirani wakanibandika jina hilo. Akaja na ratamakyu: vipigo viwili vya kunong'ona, vitatu vinavyokimbia, kimoja cha kufunga mlango. Hizo hazikuwa za mazishi, lakini alisema mkono unaojua mvumo peke yake ni kama mtu anayejua kulia tu.

Kukhu alisikiliza yote kutoka kitandani. Ngoma yenyewe ilikaa chumbani mwake, maana ndicho chumba pekee kisichovuja. Nyaya zake hukazwa na kulegezwa kwa kitasa kidogo ubavuni, na Metrine alikuwa amenionya: ukimaliza, legeza, la sivyo ngoma itaitikia kila kelele. Siku moja nikasahau. Nilikuwa upande wa pili wa pazia nikipukuchua mahindi, Kukhu akakohoa, na ngoma ikajibu. Zzzzz. Akakohoa tena, ikajibu tena. Tangu siku hiyo nilijifanya nasahau. Nilikaa na ungo wangu nyuma ya pazia, na kila nyaya zilipolia, nilijua yupo.

Kisha ikafika Alhamisi moja. Sijui ilitokeaje. Nilikuwa nimechoka, hata sikuwa nafikiria mikono, na mara mama-baba ikaacha kuwa vipigo. Ikawa kitu kimoja, kama kitambaa kirefu kinachochanwa na hakiishi. Metrine aliruka, akatoa simu akanirekodi. "Wacha, wacha, usiache!" alikuwa akipiga kelele mwenyewe. Nilimpenda sana siku ile.

Jioni Mama alipeleka ugali na supu chumbani, akatoka na sahani kama ilivyoingia. "Amekataa obusuma," alimwambia Baba kwa sauti ya chini. "Hata supu."

Nilisimama pale na vijiti mkononi, nikaelewa. Yaani nilidhani nimeelewa. *Siendi popote mpaka aweze.* Na mimi nilikuwa nimeweza.

Ijumaa niliuzuia mkono wa kushoto. Si rahisi kama inavyosikika. Mkono uliokwisha kujua hautaki kusahau, na ilinibidi niukaze mpaka begani ili pigo la pili lianguke vibaya. Mvumo ukachechemea. Metrine alifikiri nimechoka. Jumamosi akafikiri naumwa. Jumatatu akanivuta sikio.

"Uliweza! Niko nayo hapa kwa simu! Umerogwa, ama unanizoea?"

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Ningemwambia nini? Kwamba Kukhu anaishi kwa sababu mkono wangu ni mbovu? Hata kichwani mwangu maneno hayo hayakuwa na sauti. Mchana darasani nilikuwa nikipiga hesabu zangu nyingine: nikiharibu leo, amepata leo. Usiku nilikuwa nikiota nimelala na mikono inajipigia mvumo yenyewe, safi, nami siwezi kuizuia. Nilianza kulala nimeilalia. Niliomba Mungu anivunje mkono wa kushoto, kidogo tu, pasipouma sana.

Na kila jioni Kukhu aliuliza kutoka kitandani, sauti ikizidi kuwa nyembamba, "Umeweza, mama?"

"Bado, Kukhu."

"Haya. Jembe halilimi kwa kutazamwa."

Hali yake haikuwa nzuri, hilo hata mtoto aliliona. Shingo ilikuwa imebaki mishipa. Alikuwa akiuma ncha ya leso maumivu yakija, asije akatutisha. Chumba kilikuwa na harufu ya dawa na ya kitu kingine kilicho chini ya dawa, na binamu zangu wadogo walikuwa wamekwisha kuacha kuingia. Mimi niliingia kwa sababu ya ngoma. Metrine naye akasema ikifika Jumapili nimechezea nafasi yangu, vijiti atampa mtu mwingine. Hapo nilishikwa na woga wa pande mbili: nikiweza, anakwenda, mwingine akiweza, pengine anakwenda pia, na aliyemshusha si mimi.

Siku moja kabla ya Jumapili hiyo, mvua ya saa kumi ilituangukia pamoja na mawe, ile ya Kakamega isiyobisha hodi. Bati lilipotulia kidogo, Kukhu akaniita.

"Funga pazia. Chukua ngoma. Nipigie."

Nilipiga. Ma-ma, ba-ba, nikaongeza mwendo, na mahali pale pale nikauangusha mkono wa kushoto. Mvumo ukaanguka chini kama sufuria.

Kukhu akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na ngoma ikiwa imeegemea tumbo langu ikamjibu, zzzzz, nikaisikia mpaka mbavuni.

"Metrine alinichezea ile ya simu," akasema alipopata pumzi. "Nimeisikia mara mbili. Simu yake ina sauti kama ya mbu, lakini nimeisikia. Sasa wewe, mama, unanidanganya na mkono?"

Nilianza kulia. Sikuwa mtoto wa kulia mbele ya watu. Nililia na ngoma begani, machozi yakidondoka juu ya ngozi yake, tap, tap.

"Ulisema huendi mpaka niweze," nikasema. Nadhani ndiyo sentensi ndefu kuliko zote niliyosema mwaka ule.

Nje maji yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye mabati kuingia kwenye pipa.

"Eh," Kukhu akasema mwishowe. "Ndiyo maana mkono umekufa." Akanyoosha kidole akagusa ukingo wa ngoma. "Sikia. Mimi kifo sikukifunga kwa kijiti chako. Kingekuwa kinafungwa hivyo, wapiga ngoma wote wangekuwa na babu zao nyumbani. Nilitaka unipigie. Kaburini nitasikia nini? Masikio yangu yako hapa. Yako hapa leo."

"Kesho," nikasema.

"Kesho gani?"

"Kesho asubuhi. Kweli, Kukhu."

"Haya. Nitakungojea mpaka kesho," akasema, kisha akaona uso wangu akaongeza upesi, "Nangojea ngoma tu! Toka hapa."

Nimefikiria sana mchana ule. Kwa miaka niliamini alinipa kazi ile kwa sababu ya mazishi. Sasa, nikikumbuka binamu zangu walivyokuwa wakisimama mlangoni na kupeana zamu ya kutoingia, naona jambo lingine. Alijua harufu ya chumba chake. Alijua mtoto mwoga hukaa wapi wageni wakija, na akamtafutia mtoto huyo sababu ya kuingia kila siku na kazi ya mikono akiwa ndani, asihitaji kuzungumza wala kuangalia sana. Mimi nilidhani namweka hai kwa kuharibu. Yeye alikuwa anajiwekea mtu wa kukaa naye.

Alizikwa mahindi yakiwa yamekauka shambani. Siku ile ya mvua ya mawe, mahindi hayo yalikuwa bado ya kufika kiunoni. Nilimshusha mimi. Kamba moja ilikwama, wanaume wakaanza kubishana, nikawageukia, na mvumo ukakatika. Watu waliguna, kama nilivyojua wataguna. Metrine alinikazia macho. Niliuokota nikaendelea mpaka chini. Kuguna kwao hakukuniingia, kwa sababu wa kuusikia alikuwa ameusikia mzima, akiwa na masikio.

Maana asubuhi ile iliyofuata mvua ya mawe, kabla Mama hajatoka kukamua ng'ombe, nilifungua pazia, nikaingia na kujivika mkanda wa ngoma begani. Kukhu alikuwa macho. Nilikaza kitasa cha nyaya, nikaanza polepole, ma-ma, ba-ba, nikaharakisha, na pale mahali pa kuanguka niliuacha mkono wa kushoto ufanye ulichokijua. Ulifanya. Mvumo ukajaa chumba, ukaingia kwenye vikombe vya rafuni vikaanza kutetemeka. Kukhu alifumba macho. Juu ya blanketi vidole vyake vilikuwa vikicheza, vya kulia, kisha vya kushoto. Nilipiga mpaka mabega yakawaka moto, nikapunguza, nikapunguza, nikaacha.

Hakusogea. Niliweka vijiti chini, nikashika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili, nikasubiri afe.

Akafumbua jicho moja.

"Sasa niletee uji, mama," akasema. "Utie sukari."

Nikaenda jikoni kuwasha moto.