Goli la Bukavu ambalo Niyibizi hakuliona

Théogène Niyibizi alitangaza mpira redioni miaka ishirini na sita, na kanuni yake ilikuwa moja tu: jambo ambalo macho yake hayakuona, mdomo wake haukulisema. Viwanja vyetu vya Goma havina majukwaa. Watu wanasimama kwenye mstari, wanapanda juu ya mawe ya volkano, wanamziba mtangazaji. Wengine katika kazi hiyo wakizibwa wanabuni. Niyibizi alikuwa akinyamaza kidogo, kisha anasema: "Hapo sikuona." Msikilizaji aliyeko mbali Rumangabo, na redio yake sikioni, alijua goli limeingia kwa sababu ya kelele, lakini alingoja mpaka Niyibizi aulize watu wawili waliokuwa karibu na lango ndipo amtajie mfungaji.

Walimcheka kwa hilo. Madereva wa pikipiki wa mtaa wa Birere walimpa jina la Papa Sikuona, na alipokatiza sokoni walimwita hivyo kwa sauti, wakamuuliza kama leo ameona jua. Hakukasirika. Alijua kwamba watu hao hao, wakibishana juu ya mechi, humaliza ubishi kwa kusema Niyibizi alisema hivi. Katika mji ambao kila habari inafika na mikia mitatu, mtu mmoja aliyekubali kwamba hakuona alikuwa na thamani kubwa kuliko alivyojua mwenyewe.

Mwaka huu kuna mambo mengi ambayo mtu wa Goma hayasemi hadharani. Mpira ni mojawapo ya machache yaliyobaki, kwa hiyo watu waliuzungumza kwa hasira ambayo haikuwa yote ya mpira. Mkuu wa vipindi hapo redioni, mwanamke kijana anayeitwa Kaswera, aliliona hilo akaanzisha kipindi cha Jumapili baada ya misa: nani alikuwa namba kumi bora kuliko wote waliowahi kucheza katika mji huu. Kamati ya uwanja wa mtaa ikakubali kwamba jina la mshindi litaandikwa kwa rangi juu ya ukuta mpya wa uwanja, kwa herufi za urefu wa mtu.

Baada ya wiki tano walibaki wawili. Wa kwanza alikuwa Nishimwe, kijana wa Munigi, pembezoni mwa mji, mwenye miaka ishirini na mbili, ambaye kila pasi yake imerekodiwa kwenye simu ya mtu. Wa pili alikuwa Mahamudi, mzee wa Birere, wa familia iliyotoka Maniema zamani kwa biashara. Aliichezea timu ya mtaa wake miaka ya themanini. Kaseti za redio zilizokuwa na mechi zake ziliungua mwaka 2002, lava iliposhuka mjini, na picha iliyobaki ni moja tu, imefifia kiasi kwamba unaweza kuhesabu miguu lakini sura huzijui. Baada ya lava hiyo ndiye aliyekwenda na nyundo kila asubuhi, karibu miaka miwili, akavunja mawe meusi hadi watoto wakapata tena mahali pa kucheza. Uwanja ambao ukuta wake ulikuwa ukingoja jina ni huo aliousafisha.

Mahamudi hakuwahi kuomba kitu kwa kazi hiyo. Lakini binti yake Jamila, anayeshona nguo karibu na mpaka, aliniambia kwamba tangu kipindi kianze baba yake alikuwa akikaa dukani kwake kila Jumapili, amevaa kanzu safi, na redio mbele yake. Alitaka jina hilo. Kwa mtu aliyepita umri wa miaka sitini na mitano, ambaye hana goti zima wala picha ya kuonyesha wajukuu, sioni kosa katika kulitaka.

Ubishi ulikuwa mkali. Watu wa Munigi walisema Mahamudi alicheza wakati mabeki walikuwa wavuvi na wapagazi, hawana mazoezi, na kila mtu mwenye chenga mbili alikuwa mfalme. Watu wa Birere walijibu kwamba Nishimwe hajawahi kupiga mpira wa ngozi ulionyeshewa na mvua, mzito kama mtungi, juu ya kokoto zinazokata kifundo. Musafiri, mfanyabiashara wa vitenge, alikaa na saa mkononi wiki mbili, kisha akapiga simu redioni kusema kwamba Nishimwe alizungumziwa dakika thelathini na moja na Mahamudi dakika sita. Akauliza kama redio imehamia Munigi bila kuaga. Jumapili iliyofuata mtu wa Munigi naye akapiga simu, akasema antena ya redio imesimama Birere, na kila mtu anajua antena inaelekea wapi.

Kaswera alijitetea, na kwa sehemu alikuwa na haki. Alisema hamchukii mzee. Juu ya kijana analetewa video kumi kwa wiki, na juu ya mzee analetewa watu wanaolia kwa kumbukumbu. Hakuona kwamba huo ndio upendeleo wenyewe. Mtu akipima watu wawili kwa kile tu kinachofika mezani kwake bila jasho, ameshaamua kabla ya kupima. Angeweza kutembea Birere siku moja na kinasa sauti. Hakutembea.

Niyibizi aliumia kwa jambo hilo. Alizaliwa Rumangabo, baba yake akiwa mlinzi wa mbuga, na alikuja Goma kusoma mwaka 1988. Hapo alimwona Mahamudi akicheza mara tatu, goti lake likiwa tayari bovu. Alichokiona katika mechi hizo tatu kilimtosha kujua ni mchezaji wa namna gani. Alimwona akisimama na mpira kwenye matope, mabeki wawili wakimjia, naye anangoja tu mpaka wagongane, ndipo anaupeleka mpira pembeni taratibu, kama mtu anayempa mwenzake kikombe cha chai. Alimwona akimwendea mwamuzi kumwambia kwamba penalti aliyopewa haikuwa penalti, na timu yake ikatoka sare. Mambo hayo Niyibizi aliyaona mwenyewe, na yangetosha.

Siku ya mwisho kabla ya kura Kaswera alimwita studioni. Wasikilizaji walikuwa wanapiga simu moja kwa moja. Alianza vizuri, akaeleza matope na penalti. Kisha kijana mmoja kutoka Munigi akaingia hewani, mwenye ulimi mwepesi. Alimsalimia kwa heshima zote, kisha akamwambia kwamba kukataa penalti ni sifa ya padri, sio ya namba kumi.

"Papa Théo, miye nina goli kumi na nne za Nishimwe hapa kwa telefone," alisema. "We unatuletea chai na matope. Uko na goli hata moja?"

Studio ilicheka. Kaswera alicheka. Nilikuwa nasikiliza nyumbani, na hata jikoni kwangu walicheka.

Goli lilikuwepo, goli ambalo kila mtu wa Goma analijua. Mwaka 1986, fainali ya Kivu nzima ilichezwa Bukavu, ng'ambo ya ziwa, na namba kumi wa timu ya Birere alichukua mpira katikati ya uwanja, akapita watu wanne, akamlaza kipa, akasimama na mpira juu ya mstari kabla ya kuusukuma ndani. Simulizi hiyo imepita kwa vinyozi wote wa mji huu. Niyibizi hakuwa Bukavu siku hiyo. Alikuwa na miaka kumi na mitano, darasani Rutshuru.

Aliisimulia. Aliisimulia vizuri, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia dakika za mwisho za mechi, mpaka vicheko vikakoma. Na alipofika mwisho akaongeza maneno ambayo hayakuwa yake katika miaka ishirini na sita: "Nilikuwa pale. Nilimwona Mahamudi kwa macho yangu mawili."

Wengi wataniambia kwamba huo ni uongo mdogo, uliosemwa kwa ajili ya mtu aliyestahili, dhidi ya watu waliokuwa wakimpunja. Nimeusikia utetezi huo mara nyingi mwaka huu, na siukubali. Mizani ikiwa imeinama upande mmoja, dawa yake ni kuinyoosha, na anayekwenda kuikandamiza upande wa pili ameiharibu mara mbili. Tena Niyibizi hakuhitaji kwenda mbali kupata ukweli. Mahamudi anaishi mwendo wa nusu saa kutoka redioni. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwuliza juu ya goli lile. Aliyewauliza watu wawili kila alipozibwa uwanjani, hapa hakumwuliza hata mmoja.

Dakika nne hivi baadaye simu nyingine iliingia. Alikuwa Jamila, akasema baba yake anataka kuongea. Kaswera akafurahi, akamkaribisha mzee kwa maneno matamu. Mahamudi alishukuru, akawasalimia wasikilizaji, akamwuliza Niyibizi habari za watoto wake. Halafu akasema:

"Papa Théo, ile goli haiko yangu. Iko ya Idriss."

Kaswera alidhani ni unyenyekevu, akasema wazee wetu wana haya.

"Hapana, mama, haiko haya. Miye nilikuwa Kasongo, kule Maniema, tulikuwa tunazika baba yangu. Timu ilikuwa na jezi kumi na moja tu. Idriss njo alivaa namba kumi yangu. Alishakufa, lakini bibi yake iko hai, na leo anasikiliza."

Hapo ndipo mji ulielewa jinsi ulivyojidanganya kwa miaka karibu arobaini. Mechi ile haikutangazwa. Habari ilikuja na mashua ya kesho yake, na abiria waliposhuka bandarini walisema namba kumi amefunga goli la ajabu. Goma ilikuwa na namba kumi mmoja. Mahamudi alirudi kutoka Kasongo baada ya mwezi mzima, akakuta goli lake limeshakuwa kubwa. Alisema mara nyingi kwamba ni la Idriss, nao wakamsifu kwa upole wake, wakaendelea.

Simu ilikuwa bado hewani. Kisha Mahamudi akauliza, bila ukali, kama mtu anayetaka tu kujua:

"Unasema uliniona. Uliona nani?"

Niyibizi alikuwa na njia za kutoka. Angeweza kusema alichanganya, kwamba kwa mbali jezi zinafanana. Kwa heshima yake niseme kwamba hakuzitumia. Alijibu, "Sikukuwa kule, muzee. Unisamehe." Mzee akamwambia amesamehewa, na simu ikakatika. Jamila anasema baba yake aliirudisha simu mezani, akazima redio, akakaa muda mrefu akitazama vitambaa vya wateja. Alijua amefanya nini. Alijua pia kwamba asingeweza kufanya vingine, na mjane wa Idriss akiwa upande wa pili wa barabara.

Mtu angetegemea kwamba ukweli huo ungemwinua. Mzee ameacha goli lililo tamu kuliko yote, hewani, siku ya mwisho, kwa ajili ya rafiki aliyekufa. Ni mwenendo ule ule wa penalti. Lakini watu hawakufanya hesabu hiyo. Simu zilizofuata zilimhusu Niyibizi. Yule kijana wa Munigi alirudi, safari hii bila salamu.

"Na ile ya matope? Ile nayo uliota?"

Niyibizi alijibu kwamba ya matope aliiona, na ya penalti aliiona. Ilikuwa kweli, na hakuna aliyemwamini. Musafiri, aliyekuwa na saa mkononi, alijaribu kusimama upande wa mzee, akasema yeye pia alikuwa uwanjani siku ya penalti. Wakamwuliza kama alikwenda na mashua ya Bukavu. Wazee wengine watatu au wanne wa Birere, watu wanyofu, waliomwona Mahamudi katika miaka yake mizuri, walipiga simu wiki ile wakapata jibu hilo hilo. Kila mtu mwenye kumbukumbu akageuka mwongo, kwa sababu yule waliyemwamini zaidi alikuwa amesema uongo mara moja.

Kura zilihesabiwa Jumapili. Nishimwe alipata karibu zote. Ni mchezaji mzuri, sina neno juu yake, na nasikia aliiomba kamati iandike majina mawili. Kamati ilisema rangi imeshanunuliwa na fundi ameshaanza.

Redio haikumfukuza Niyibizi. Alitangaza mechi mbili zaidi. Katika ya pili alizibwa na watu, akasema ukweli kwamba hakuona, na vijana waliokuwa wamesimama karibu na maikrofoni wakamalizia wenyewe, kwa sauti iliyofika hadi Rutshuru, kwamba abuni tu. Alivua vifaa vya masikioni akaviweka juu ya jiwe. Kaswera amemwomba mara mbili arudi. Anakaa kwake, na watu wakibishana mpira mbele yake anaingia ndani.

Mahamudi haendi tena uwanjani asubuhi. Mawe madogo yanayoibuka kila baada ya mvua, ambayo alikuwa akiyaokota kwa ndoo, sasa yamebaki yalipo.

Gharama ya uongo ule ni hii. Niyibizi alipoteza imani ya watu, aliyoijenga kwa miaka ishirini na sita, kwa sentensi mbili. Mahamudi alipoteza jina lake juu ya ukuta wa uwanja alioutengeneza kwa mikono yake, naye hakuwa amesema neno hata moja la uongo.