Vigingi vya Darubini

Mama aliahidi kwamba nikimaliza picha yangu tutahamia Natta, kwa dada. Nilitamani kuhama kuliko alivyojua. Mimi ni kitindamimba, na kwetu Tarime kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya mama. Kwa hiyo niliacha kazi ya upishi kwenye kambi ya watalii, nikarudi nyumbani na darubini niliyoachiwa na mgeni mmoja. Nikakuta rashi ya dhahabu, mmiminiko wa wachimbaji, imenitangulia. Karasha zilisaga mawe mchana na usiku, na vumbi lake tulilitafuna kwenye ugali.

Picha yenyewe ilikuwa ya galaksi mbili zinazogongana na kuungana. Mwanga wake ni hafifu mno. Kamera huukusanya usiku baada ya usiku, na darubini lazima isimame palepale. Nikapigilia vigingi vitatu uani, kimoja kwa kila mguu wa darubini, karibu na kaburi la baba.

Vigingi, wakati wa rashi! Sijui akili yangu ilikuwa wapi. Kwa wachimbaji, kigingi maana yake kuna mtu ameona kitu pale.

"Mkubwa, hiyo mashine inasoma ngapi?" waliniuliza kutoka barabarani, wakidhani ni kipimo cha dhahabu.

"Inatazama nyota."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nyota gani inamrudisha mtu mzima sehemu ileile kila usiku?

Jumapili tulitoka kanisani tukakuta shimo la kina cha mtu katikati ya vigingi vyangu. Udongo walikuwa wameumwaga juu ya kaburi. Niliporomosha matusi ambayo mama hakujua ninayajua. Yeye alipiga magoti, akaanza kuuondoa kwa mikono.

"Natta siendi tena," akasema. "Nikiondoka leo, kesho watamfukua baba yako."

Dada alikuwa ameshatupigia chokaa chumba. Nilikaa ukingoni mwa shimo, nikalia kwa hasira.

Picha ninayo, nusu. Galaksi moja imetoka vizuri, ya pili ni kama doa la chai. Jioni moja nilimwonyesha mama kwenye simu, akaisogeza mbali na macho yake.

"Zimeshaungana?"

"Bado, mama. Tutakufa sisi, watakufa na watakaotuzika, zenyewe bado."

"Basi achana nazo. Hamishia kitanda chako kwenye dirisha la upande wa kaburi."

Nilikihamisha. Mti wa jirani umeziba anga yote upande ule. Shimo naliona vizuri.