Gari la Zambarau Lililokuwa Sugar Land

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Mansfield, huko Marekani, sikupewa nyundo. Nilipewa tochi na sumaku ndogo. Nilikuwa nimenyoosha bodi za magari Nakuru kwa miaka ishirini na miwili, hivyo niliona kama nimedharauliwa. Mkuu wa karakana, mama wa Kimarekani aliyevaa ovaroli hata siku za mikutano, akaniambia, “Pitisha sumaku polepole. Pale isiposhika, chini ya rangi hakuna bati, kuna fila, ile lipu ya kuzibia mabonyeo. Hapo ndipo gari lilipoumia.”

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kuwatafutia watu magari yao ya kale yaliyopotea na kuyatambua, yale ya milango miwili na injini kubwa ya silinda nane ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Ukipata linaloshukiwa kuwa ndilo, unasoma namba iliyogongwa kwenye chesisi. Kisha unasugua rangi kwa msasa, sehemu iliyofichika, hadi tabaka zitokeze moja baada ya nyingine kama pete za mti uliokatwa.

Gari lililonikaa moyoni lilikuwa la mwimbaji mmoja mashuhuri. Alilinunua wimbo wake wa kwanza ulipovuma, likiwa la zambarau, kisha mume wake akaliuza bila kumwambia. Alipotujia alikuwa amepita miaka sabini. “Msiniletee la kufanana,” alisema. “Nataka lile.” Tulilitafuta miaka minne. Mara tatu nililala chali chini ya magari ya zambarau, na mara zote tatu namba zilikataa kulingana na zile za hati yake ya zamani.

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, anaishi Missouri City, mji ulio jirani na Sugar Land, kusini mwa Mansfield, nami nilikuwa nikishuka kumtembelea kila mwisho wa mwezi. Jumapili moja, tukila baada ya ibada, nilisimulia habari za gari hilo. Mama Furaha, Mkongomani anayetunza wazee majumbani, akaweka sahani chini.

“Papa, ile mzee naangalia kule Sugar Land iko na gari ya zamani ndani ya garaji. Ni ya bluu, lakini pale rangi imetoka, chini iko zambarau.” Akaongeza: “Kila mchana anaingia ndani, anakamata usukani. Anasema anapeleka bibi yake kwa bahari. Na ule bibi, mama ya mtoto wake, alishakufa.”

Mama Furaha aliogopa kupoteza kazi, kwa hiyo nilimwambia aombe kwanza ruhusa kwa mtoto wa mzee. Yule mtoto, mtu mzima, alikubali. Aliniambia kuwa baba yake alilinunua kwa haki, ila sasa hakumbuki hata jina lake mwenyewe, na gari likiondoka hatajua.

Nilifika saa tisa mchana. Mwanga uliingia garajini kwa ubavu, vumbi likielea ndani yake, na mzee alikuwa ameketi kwenye usukani, macho nusu wazi. Nikasugua ndani ya buti: bluu, kijani, nyeupe, zambarau. Namba zikakubali. Ndipo mzee akachungulia dirishani.

“Fundi, petroli itatufikisha Galveston, kule baharini?”

“Itawafikisha, mzee,” nikajibu, na kwa kitambo niliiona barabara mbele yake.

Nilimpigia mkuu simu. “Madam, tumelipata. Lakini lina mtu ndani.”

Nikamweleza habari za mzee. “Sisi tuliajiriwa kutafuta gari,” akasema.

“Ni kweli. Kwa hiyo aliyelipoteza aje aone mwenyewe.”

Mwimbaji alikuja, na trela ya kulibeba gari ikangoja nje. Akaweka kiganja juu ya boneti. Mzee akainama, akamfungulia mlango wa abiria. “Umechelewa, mpenzi. Twende.”

Mwimbaji alitutazama, kisha akaingia. Walikaa humo karibu saa nzima. Mama Furaha nami tulisimama mlangoni tukimsikia akiimba kwa sauti ya chini, mzee akizungusha usukani kufuata kona ambazo sisi hatukuziona. Mwimbaji alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Akamwambia mtoto wa mzee, “Lisiondoke hapa baba yako akiwa hai.”

Trela ikarudi Mansfield tupu.

Nilistaafu kabla gari hilo halijaingia karakanani. Wenzangu walinitania kwamba kazi kubwa kuliko zote niliiacha nusu. Huenda ni kweli. Nilijifunza kusoma kutu, rangi na namba, na nyinyi mnaoanza kazi hii mjifunze hayo vizuri; lakini ni lini chuma kiachwe mahali kilipo, hilo hakuna aliyenifundisha.

Sasa naishi kwa binti yangu. Mwimbaji huja Sugar Land anapopata nafasi, na siku hizo Mama Furaha hunipigia simu. “Papa,” ananong'ona, “wameenda tena.” Nami najua kwamba mlango wa garaji uko wazi, gari limesimama palepale, na wale wawili wako njiani.